Fahamu komponenti: Kwa nini kitufe cha "Lipa" hukumbuka kwamba umeshakibonyeza

Mteja anakata tiketi ya basi kwa simu. Anagusa kiti namba 12, kinageuka kijani. Chini ya skrini bei inapanda yenyewe. Pembeni kuna saa inayohesabu kurudi nyuma: zimebaki dakika 10 kulipia kabla kiti hakijaachiwa mtu mwingine. Akibonyeza "Lipa", kitufe kinakuwa cha kijivu na hakikubali tena kubonyezwa.

Kiti, bei, saa na kitufe, vyote hivyo watengeneza tovuti huviita komponenti. Ni kipande cha ukurasa kinachoandikwa mara moja, kikatumika popote kinapohitajika, na kila nakala ikawa na kumbukumbu yake.

Kuandika mara moja na kutumia mara nyingi si kazi ngumu. Kazi iko kwenye hiyo kumbukumbu. Ikikaa mahali pasipo pake, bei inasema hivi na viti vinasema vile, mzigo wa abiria mmoja unaandikwa kwa mwingine, au pesa inakatwa mara mbili.

Kalibu moja, viti 50

Fundi anayefyatua matofali hachongi tofali mojamoja. Ana kalibu. Ukurasa wa tiketi nao uko hivyo hivyo: kwa basi la viti 50 mtengenezaji anaandika kiti kimoja tu, kisha ukurasa unakifyatua mara 50, kila kimoja kikipewa namba yake.

Tofauti ni kwamba tofali likishatoka halikumbuki kitu. Kiti cha kwenye skrini kinajua kama kiko wazi, kimechaguliwa au kimeshauzwa, na kinavaa rangi kulingana na jibu hilo. Kumbukumbu hiyo inaitwa hali.

Hali isichanganywe na taarifa ambazo kipande kimepewa na kilicho juu yake. Namba 12 si hali. Kiti kimepewa, na hakiwezi kuamka asubuhi kikajiita 13. "Kimechaguliwa" ni hali, kwa sababu inabadilika mteja akigusa. Kwenye React, maktaba ya msimbo inayotumika sana kwa kazi hii, taarifa za kupewa huitwa propsi.

Wanaoanza hukosea hapa mapema sana. Wanachukua nauli iliyotoka juu, wanainakili kwenye hali ya kiti, wanaendelea na maisha. Nauli ikibadilika huko juu, kiti kinaendelea kuonyesha ile ya zamani, maana kina nakala yake na hakuna aliyekiambia ibadilishwe.

Kivinjari kilikuwa nazo tangu zamani

Wazo lenyewe si geni. Yeyote aliyetazama video kwenye tovuti ameshatumia komponenti. Mtengenezaji akiandika `<video controls>`, kivinjari chenyewe kinaleta kitufe cha kucheza, mstari wa muda na sehemu ya sauti. Video inajua imefika sekunde ya ngapi. Zikiwekwa tano kwenye ukurasa mmoja, kila moja ina sekunde yake na haiingilii nyingine.

Kwa miaka mingi watengenezaji hawakuwa na njia rahisi ya kujitengenezea vitu vya namna hiyo. Walibadilisha ukurasa kipande kwa kipande. Maktaba ya jQuery, iliyotolewa na John Resig mwaka 2006, iliwapunguzia mateso: tafuta kipande hiki, kifiche, badili maandishi ya kile. Kwa ukurasa wenye vitufe vitatu hiyo inatosha, na inatosha mpaka leo. Ukurasa wa shule wenye fomu moja ya mawasiliano hauhitaji makubwa zaidi ya hapo, hata kama fundi wake anatamani kujionyesha.

Shida inaanza pale taarifa moja inapoonekana sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Alama ya Facebook iliyogoma kufutika

Mfano unaojulikana zaidi ulisimuliwa na wahandisi wa Facebook wenyewe, kwenye mkutano wa kampuni hiyo wa F8 mwaka 2014. Juu ya ukurasa kulikuwa na alama ya kuonyesha idadi ya ujumbe ambao haujasomwa. Mtu anaona 1, anafungua haraka, kumbe hakuna kitu. Watu wanalalamika, hitilafu inarekebishwa, kila mtu anapumua. Baada ya muda inarudi.

Chanzo hakikuwa mstari mmoja mbovu wa msimbo. Idadi ile ile ilikuwa inashughulikiwa na vipande kadhaa: alama ya juu, dirisha dogo la chati na ukurasa wa ujumbe. Ujumbe ukiingia huku dirisha la chati likiwa wazi, kila kipande kilitakiwa kujua na kujirekebisha, na mabadiliko ya hapa yaliamsha mabadiliko ya pale. Kadiri vipande vilivyoongezeka, ndivyo ilivyokuwa vigumu kwa binadamu kufuatilia nani kamwambia nani nini.

Suluhisho lao waliliita Flux. Mabadiliko yote yapite njia moja: tukio linaingia kwenye ghala la taarifa, ghala linabadilika, kisha skrini inachorwa kufuatana na ghala. Vipande haviruhusiwi kurekebishana kwa mlango wa nyuma.

Ilifanya kazi kwa sababu chini yake kulikuwa tayari na React. Ilianza na mhandisi wa Facebook, Jordan Walke, na jaribio lake la mwaka 2011 lililoitwa FaxJS. Mwaka huo huo ikaanza kutumika ndani ya Facebook, mwaka 2012 ikafika Instagram, na Mei 2013 msimbo wake ukawekwa wazi kwa kila mtu kwenye mkutano wa JSConf nchini Marekani.

Mapokezi ya siku za mwanzo yalikuwa ya baridi. Kilichowakera watu ni JSX, ule mtindo wa kuandika kitu kinachofanana na HTML katikati ya JavaScript, wakati walikuwa wamefundishwa miaka yote kwamba viwili hivyo vikae mbalimbali. Kelele zote zilikuwa kwenye mwandiko, ingawa badiliko kubwa lilikuwa kwingine kabisa. Zamani fundi aliandika amri: "badili kitufe kiwe kijivu". Sasa anaandika maelezo: "kama malipo yanaendelea, kitufe ni kijivu". Hali ikibadilika, React inachora upya picha ya ukurasa kwenye kumbukumbu, inailinganisha na iliyotangulia, na inagusa sehemu zilizotofautiana tu. Fundi hafikirii tena jinsi ya kutoka kijani kwenda kijivu.

Wengine wakafuata na ladha zao: Vue ya Evan You mwaka 2014, Svelte ya Rich Harris mwaka 2016. Zinatofautiana kwa mwandiko na uzito, lakini swali linalofuata halikwepeki kwenye yoyote kati yake.

Nani anashika daftari?

Turudi kwenye basi. Tuseme kila kiti kinajiwekea chenyewe kumbukumbu ya "nimechaguliwa". Kipande cha bei kiko chini ya skrini na kinataka kujua vimechaguliwa vingapi. Itabidi kizunguke kuuliza viti vyote 50, kama konda anayepita kwenye basi zima akiuliza nani hajalipa. Akifika nyuma, mtu wa mbele kashashuka.

Dawa yake ni kuwa na daftari moja mlangoni. Orodha ya viti vilivyochaguliwa inapandishwa hadi kwenye kipande kinachobeba vyote viwili, viti na bei. Kukiite ramani ya basi. Kiti hakikumbuki tena chochote. Kinaambiwa na ramani, "wewe umechaguliwa", na kinavaa kijani. Mteja akikigusa, kiti kinapeleka taarifa juu: "nimeguswa". Ramani inaandika kwenye daftari, kisha kila kinachotegemea daftari kinachorwa upya.

Na bei? Bei haiwekwi kwenye daftari kabisa. Ni idadi ya viti mara nauli, basi. Kila kinachoweza kuhesabiwa kutokana na kingine kikihifadhiwa pembeni, mtengenezaji amejipa kazi ya kuvilinganisha milele, na ipo siku atasahau. Ile alama ya Facebook ilikuwa ugonjwa wa familia hiyo hiyo.

Kuna kosa la upande wa pili pia, na mafundi waliokwisha kuumwa mara moja ndio hulifanya zaidi. Wanapandisha kila kitu. Maktaba ya Redux ilipotoka mwaka 2015, ikileta wazo la ghala moja kwa programu nzima, miradi mingi ilianza kuweka humo hata swali la kama menyu imefunguliwa au imefungwa. Daftari likiwa la kila kitu, herufi moja anayoandika mteja kwenye sehemu ya jina inaweza kusababisha viti vyote 50 vichorwe upya. Kwenye kompyuta ya fundi haionekani. Kwenye simu ya bei ya chini, herufi zinatokea kwa kuchelewa, moja moja, kama zinatafutwa.

Kipimo ni rahisi: hali ikae chini kadiri inavyowezekana, lakini juu ya kila anayeihitaji. Kama ni kiti pekee kinachojali, ibaki kwenye kiti.

Abiria kafutwa, mzigo wake ukabaki

Hili ni kosa dogo la mwandiko lenye madhara makubwa, na linawapata hata waliobobea.

Familia inakata tiketi tatu. Fomu ina mistari mitatu: Asha, Juma na Neema. Majina yanatoka kwenye daftari la juu, lakini kila mstari una kisanduku chake cha "nina mzigo wa ziada", na tiki hiyo inakumbukwa na mstari wenyewe. Asha ameweka tiki. Baadaye Asha anaghairi safari, anafutwa. Skrini inabaki na Juma na Neema. Safi. Ila sasa Juma ana mzigo wa ziada ambao hakuutaja.

Kwa nini? React haijui kwamba mstari wa kwanza ni wa "Asha". Kama haijaambiwa vingine, inaujua kwa nafasi yake tu: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Asha akitoka, mstari wa kwanza bado upo. Umepewa jina jipya kutoka juu, lakini kumbukumbu yake ya tiki ni ile ile. Ni kama mpangaji amehama na meza yake imebaki chumbani, na anayeingia anahesabiwa kuwa ni ya kwake.

Ndiyo maana React inataka kila mstari kwenye orodha upewe utambulisho, unaoandikwa `key`. Usipowekwa, onyo linatokea kwenye sehemu ya mafundi ya kivinjari. Wengi hulinyamazisha kwa kuandika namba ya nafasi: 0, 1, 2. Onyo linaondoka, ugonjwa unabaki, kwa sababu nafasi ndiyo ile ile React ilikuwa inaitumia tangu mwanzo. Kinachotakiwa ni utambulisho unaozaliwa na abiria na kuondoka naye.

Tabia hiyo inaweza pia kutumiwa kwa faida. Mteja akibadili safari kutoka ya Jumatatu kwenda ya Ijumaa, fundi anaweza kuipa fomu nzima `key` ya safari mpya. React itaiona kuwa ni fomu nyingine, itatupa ya zamani pamoja na kumbukumbu zake zote, na kuanza upya.

Kubonyeza mara mbili

Kitufe cha "Lipa" kinaonekana kidogo lakini ndicho kinachobeba pesa. Mtindo wa kawaida wa kukiandika ni kukipa kumbukumbu tatu za ndiyo au hapana: inatuma, imefanikiwa, imeshindikana. Vitu vitatu vya ndiyo au hapana vinatoa michanganyiko 8, na mingi haina maana. Malipo hayawezi kuwa yamefanikiwa na kushindikana kwa wakati mmoja, lakini msimbo wa namna hiyo unaruhusu, na siku moja mteja ataona ujumbe wa kijani na mwekundu vimekaa pamoja. Bora hali moja yenye majina: tayari, inatuma, imefanikiwa, imeshindikana. Haiwezi kuwa mbili kwa pamoja.

Kuna mtego mwingine kwenye React unaohusu muda. Fundi akiamuru hali ibadilike, thamani aliyoishika mkononi haibadiliki hapo hapo. Ni picha iliyopigwa wakati ukurasa ulipochorwa. Akiandika `setIdadi(idadi + 1)` mara tatu mfululizo ndani ya tukio moja, idadi inaongezeka kwa 1, si 3, kwa sababu mara zote tatu alikuwa anasoma picha ile ile. Njia sahihi ni `setIdadi(n => n + 1)`, yaani "chukua iliyopo sasa hivi, ongeza moja".

Hata kitufe kikiandikwa kwa ustadi wote, kinalinda kwa muda ambao ukurasa uko hai tu. Fikiria mteja amebonyeza, ombi limefika kwenye seva, pesa imekatwa, halafu mtandao ukakata kabla jibu halijarudi. Simu inajua kitu kimoja: jibu halikuja. Kitufe kikiandika "imeshindikana" kitakuwa kinadanganya, na mteja atajaribu tena.

Hapo inahitajika hali ya tano, ambayo tovuti nyingi hazina: haijulikani. Kitufe kibaki kijivu, kiandike "tunahakiki malipo yako", na ukurasa uulize seva kabla ya kumruhusu mtu ajaribu upya. Upande wa seva nao, kila oda inapewa namba ya kipekee inayotumwa pamoja na ombi. Ombi lenye namba ile ile likija mara ya pili, seva haikati pesa tena. Inarudisha jibu la mara ya kwanza. Kampuni ya malipo ya Stripe, kwa mfano, inapokea namba hiyo kwa jina `Idempotency-Key`.

Kitufe kinakumbuka kilichotokea kwenye simu, na hakiwezi kukumbuka kilichotokea kwenye akaunti.

Ukurasa uliosahau kila kitu

Mtumiaji wa simu analijua hili hata kama hajawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo. Amejaza fomu ndefu. Anatoka kidogo kwenda kwenye ujumbe kunakili namba ya kumbukumbu ya malipo, labda anajibu na WhatsApp moja. Akirudi, ukurasa unajipakia upya na fomu ni tupu.

Si kwamba kabonyeza vibaya. Simu ikiishiwa kumbukumbu ya kufanyia kazi, kivinjari kama Chrome hutupa kurasa zilizo nyuma ili kupata nafasi, kisha huzipakia upya mtu akirudi. Hali ya komponenti huishi kwenye kumbukumbu hiyo hiyo. Ukurasa ukitupwa, hali nayo inakwenda. Simu yenye kumbukumbu ndogo hukutana na tatizo hili mara nyingi zaidi, na simu ya fundi mara nyingi si ndogo.

Pa kuweka pengine papo. Tarehe na njia ya safari vinaweza kuandikwa kwenye anwani ya ukurasa, hivyo hata mteja akimtumia ndugu yake kiungo, naye anafungua safari ile ile. Yaliyojazwa kwenye fomu yanaweza kuwekwa kwenye `sessionStorage`, sehemu ya kivinjari inayohimili ukurasa kupakiwa upya. Siri kama PIN zisiwekwe huko.

Saa ya dakika 10 nayo isihifadhi "zimebaki dakika 6". Ihifadhi muda wa mwisho, mfano saa 8:40 mchana, kisha ihesabu zilizobaki kila inapochorwa. Simu ikilala mfukoni, hesabu ya sekunde inaweza kusimama, lakini saa 8:40 haihami. Na mteja akiondoka kwenye ukurasa huo wa viti, saa izimwe. Komponenti inayoondolewa kwenye skrini bila kuzima saa yake huiacha ikihesabu peke yake, ikila chaji kwa kazi ambayo hakuna anayeiona.

Nani analipa bando?

Maktaba hizi hazishuki bure. React pamoja na sehemu yake ya kuchora kwenye kivinjari ni makumi ya KB hata baada ya kubanwa, kabla fundi hajaandika kiti hata kimoja. Preact, inayofuata mwandiko karibu ule ule, inakaa kwenye KB 3 au 4. Svelte ilichukua njia nyingine: kazi kubwa inafanyika kwenye kompyuta ya fundi, na kinachoshuka kwenye simu ni kidogo.

Ila kwa ukweli, maktaba si mnyonyaji mkubwa kila mara. Kinachonenepesha ni vipande vilivyokopwa: kalenda ya mtu huyu, picha za kutelezesha za yule, kila kimoja na msimbo wake. Na bando ni nusu ya gharama. Msimbo ukishashuka, simu inatakiwa kuusoma na kuutekeleza, na hapo simu ya bei ya chini inaachwa mbali.

Ndiyo asili ya kero moja maarufu: ukurasa umeonekana wote, vitufe vyote vipo, lakini ukigusa hakuna kinachotokea. Seva ilituma picha iliyokamilika ili mtu asisubiri, lakini msimbo wa kuzipa komponenti uhai bado unashuka au unatekelezwa. Google huipima hali ya ukurasa kuchelewa kuitikia mguso kwa kipimo kiitwacho INP, kilichoingizwa rasmi kwenye vigezo vyake vya ubora wa tovuti Machi 2024. Milisekunde 200 kushuka chini ndiyo inahesabiwa kuwa nzuri.

Njia mojawapo ya kupunguza kero hiyo inaitwa visiwa, jina lililoanzishwa na Katie Sylor-Miller wa Etsy mwaka 2019. Sehemu kubwa ya ukurasa inabaki kuwa HTML ya kawaida isiyo na kumbukumbu yoyote. Ramani ya viti na kitufe cha "Lipa" ni visiwa vyenye uhai. Masharti ya safari, anwani ya ofisi na picha ya basi havihitaji JavaScript.

Kuanza bila kufunga chochote

React kwa kawaida inahitaji kompyuta yenye zana za kugeuza JSX kuwa JavaScript. Anayejifunza akiwa na simu na programu ya kuandikia maandishi tu ana njia nyingine: elementi maalumu, zilizomo ndani ya kivinjari chenyewe. Wazo hilo liliwasilishwa na Alex Russell wa Google mwaka 2011, na kufikia mwaka 2020 vivinjari vikubwa vyote vilikuwa vinalikubali. Sharti la jina ni kwamba liwe na kistariungio, ili lisigongane na tagi za HTML zilizopo au zitakazokuja. Kwa hiyo tagi ya Kiswahili inakubalika kabisa. Hii ikiwekwa kwenye faili moja la HTML na kufunguliwa kwenye kivinjari, inafanya kazi:

```
<kiti-basi namba="12"></kiti-basi>
<kiti-basi namba="13"></kiti-basi>
<script>
class KitiBasi extends HTMLElement {
  connectedCallback() {
    this.hali = "wazi";
    this.onclick = () => {
      this.hali = this.hali === "wazi"
        ? "kimechaguliwa" : "wazi";
      this.chora();
    };
    this.chora();
  }
  chora() {
    this.textContent =
      this.getAttribute("namba") + ": " + this.hali;
  }
}
customElements.define("kiti-basi", KitiBasi);
</script>
```

Viti viwili, kalibu moja, na kila kimoja kinakumbuka chake. Kukigusa cha 12 hakumsumbui wa 13.

Kina kasoro tatu zinazofaa kujulikana mapema. Ya kwanza, namba inayosomwa kwenye tagi ni maandishi, si tarakimu ya kuhesabia. Kwenye JavaScript "3" ikijumlishwa na 1 inatoa "31", kwa hiyo ibadilishwe kwa `Number()` kabla ya hesabu yoyote.

Ya pili, ndani hakuna `<button>`. Asiyeona anayetumia TalkBack kwenye Android hataambiwa kwamba hiki ni kitufe, na kosa hilo limefyatuliwa mara 50. Rekebisho pia linafanywa mara moja tu.

Ya tatu haionekani mpaka siku kiti kinapohamishwa, tuseme kutoka safu ya kulia kwenda ya kushoto. Elementi ikihamishwa, kivinjari huita `connectedCallback` kwa mara nyingine, na mstari wake wa kwanza unasema kiti ni wazi. Kilichokuwa kimechaguliwa kinasahaulika palepale. Mstari wa `this.hali = "wazi"` ukitolewa hapo na kuandikwa `hali = "wazi";` juu kabisa ndani ya darasa, kabla ya `connectedCallback`, unatekelezwa mara moja tu kiti kinapozaliwa, na kuhama hakukifanyi kisahau.